Ng'ombe Ndiye Mshtakiwa

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, yakaanza kunuka, na samaki wakaonekana wanaelea matumbo juu. Wanaokaa kando ya mto, ambao maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kufulia na ya kunyweshea mifugo, wakaambiwa wasiyatumie kwanza, na samaki wasiwavue. Selemani Jafo, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais, akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samuel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Siku chache baadaye kamati ikarudi na jibu. Kilichoua samaki, ilisema, ni ukosefu wa hewa ya oksijeni kwenye maji, na kilichoimaliza oksijeni ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza katika kinamasi cha mto huo.

Kicheko kikaanza hapohapo. Mitandaoni watu waliuliza ng'ombe wa Mara wameanza lini kujisaidia. Wengine wakataka kujua kwa nini Wakurya na Wajaluo, waliofuga kando ya mto ule tangu enzi za mababu, hawakuwahi kuua samaki kwa samadi hadi mwaka huo. Hata asiyejua Tarime iko upande gani wa ramani alikuwa na mtuhumiwa wake mkononi: mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo, juu kidogo ya kinamasi. Kamati haikuuhusisha mgodi. Kwa waliokuwa wakisikiliza, hilo lenyewe likawa ushahidi.

Nitasema jambo ambalo halitanipatia marafiki wengi: jibu la kamati halikuwa la kipuuzi. Mwaka 2018 watafiti waliokaa miaka kadhaa kwenye mto huohuo, upande wa Kenya, walichapisha kazi kuhusu viboko wa Maasai Mara. Viboko hao, kama 4,000 hivi, hula nyasi nchi kavu usiku, kisha mchana hujitumbukiza kwenye madimbwi na kujisaidia humo. Kiangazi mto unapolegea, kinyesi hutuama chini kikawa tope zito. Bakteria hulila tope hilo na kuimaliza oksijeni iliyoko chini ya dimbwi. Mvua kubwa ikinyesha ghafla huko milimani, maji hushuka kwa nguvu, hulichokonoa tope lote na kulisukuma mbele. Samaki walio chini ya hapo hukutana na maji yasiyopumulika. Watafiti waliwaona samaki wakifa kwa namna hiyo, tena zaidi ya mara moja, ndani ya hifadhi, bila mgodi wowote karibu.

Sasa mweke ng'ombe mahali pa kiboko, na badala ya dimbwi weka kinamasi chenye mafunjo yanayooza mwaka mzima. Jambo linawezekana kabisa. Mwalimu wa biolojia wa kidato cha nne angeweza kulieleza darasani na wanafunzi wakaelewa.

Lakini kuwezekana ni kitu kimoja na kutokea ni kingine. Mvuvi wa pale Kirumi, kando ya Mto Mara, hakuhitaji kuambiwa kinachowezekana. Alihitaji kuonyeshwa kilichotokea wiki ile kwenye maji yale, na hapo ndipo Serikali ilipokuwa mikono mitupu. Mwendo wa maji yasiyo na oksijeni ni wa kupita. Yanapita mahali kwa saa kadhaa, pengine siku moja mbili, kisha mto unajirudi. Anayefika baada ya siku nne na boksi la chupa anapima mto mwingine. Isitoshe, oksijeni haisafiri vizuri: inapimwa palepale ukingoni kwa kifaa kinachotumbukizwa majini, au sampuli inatiwa dawa ya kuigandisha hali yake kabla ya kuondoka. Ukiijaza chupa ukaiweka kwenye gari lililopigwa jua hadi maabara, unachosoma kule ni habari za safari. Ndiyo maana kamati iliyoundwa baada ya tukio, hata ingejaa malaika, hubaki inakisia. Wa kujibu swali la Kirumi angekuwa mtu aliyepima wiki iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, miaka mitano nyuma. Kama daftari la namna hiyo lilikuwepo, wananchi hawakulionyeshwa.

Na kicheko kile kilikuwa na historia yake. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake Mto Mara. Wanavijiji walilalamika kuwa mifugo inakufa na ngozi zao zinaharibika. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba wezi waliiba plastiki ngumu iliyotandikwa bwawani kuzuia maji yasipenye. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza akawa mwanakijiji mwenyewe. Watafiti wa Kitanzania waliochukua sampuli za maji na udongo maeneo yale walikuta metali nzito kwa viwango vya kutia wasiwasi, na tangu hapo Nyamongo hakuna anayeamini kipimo asichokiona kikichukuliwa.

Miaka kumi baadaye mdhibiti alionyesha meno. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya majitaka kupenya kutoka bwawa la topesumu. Julai likalifungia kabisa bwawa hilo. Hatua kali, na kwa mtu wa Tigithe iliyochelewa. Tatizo ni kalenda. Serikali na Acacia, iliyokuwa ikimiliki mgodi, walikuwa kwenye mvutano wa kodi na makinikia (mchanga wa madini) tangu 2017. Septemba 2019 Barrick ikamaliza kuinunua Acacia, na siku chache tu baadaye zuio la bwawa likaondolewa. Oktoba ikatangazwa Twiga, kampuni ya ubia ambamo Serikali ina asilimia 16. Huenda kila hatua ilikuwa na sababu zake za kitaalamu zinazojitosheleza. Lakini mkulima aliyekuwa akisikiliza redio alielewa anavyoelewa mtu yeyote: bwawa lilikuwa hatari wakati wa ugomvi, na lilipona wakati wa mapatano. Sasa dola inayomsimamia NEMC ni dola hiyohiyo yenye hisa mgodini. Ukiongeza kwamba sehemu ya mapato ya baraza hutokana na ada na tozo za haohao linaowakagua, unapata mdhibiti ambaye hata akisema kweli tupu, ataulizwa kwanza nani kamtuma.

Hapo sijataja chanzo cha mto. Mara huanzia Msitu wa Mau, Kenya, na theluthi mbili hivi ya bonde lake iko huko. Kikosi kazi cha Serikali ya Kenya kiliripoti mwaka 2009 kuwa karibu robo ya Mau ilikuwa imetoweka katika miongo miwili, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligawiwa kwa hati zenye mihuri halali. Mihuri ya namna hiyo haiko msituni tu: Agosti 2018, jijini Nairobi, majengo ya biashara ya Ukay Centre na South End Mall yalibomolewa kwa kuwa yalijengwa kwenye ukingo wa mto. Wamiliki walikuwa na vibali. Mtu akiuliza kibali kile kilitoka wapi, na aliyekitoa amechukuliwa hatua gani, mazungumzo huishia hapo. Ng'ambo ya mpaka basi, shaka ni ileile, yenye lafudhi nyingine tu.

Lakini mto unaonifundisha zaidi kuhusu jambo hili hauko kaskazini. Ni Ruaha Mkuu, na huko nako mshtakiwa ni yuleyule mwenye pembe.

Ruaha Mkuu hukusanya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Mbeya na Njombe, ikajimwaga kwenye tambarare ya Usangu, wilaya ya Mbarali, kunakotoka mchele unaouzwa nchi nzima kwa jina la mchele wa Mbeya. Maji yanayobaki huingia kinamasi cha Ihefu. Mwisho wa kinamasi, mahali paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la umeme la Mtera. Yakishuka chini ya mwamba hata kidogo, mto chini ya hapo unakatika, na hifadhini viboko wanagombania matope. Kabla ya miaka ya 1990 hilo halikuwa la kawaida. Tangu mwaka 1993 limekuwa likitokea kila kiangazi, mwanzoni kwa wiki kadhaa, baadaye kwa zaidi ya miezi mitatu miaka mingine. Umeme wa mgao ulipoiumiza nchi miaka hiyohiyo, Mtera ikiwa tupu, swali likawa: nani kameza maji?

Jibu la haraka lilikuwa wafugaji. Wasukuma na wengine waliingia Usangu na makundi yao, wakaonekana, wakahesabika vibaya, wakalaumiwa. Hapo miradi ikaanza kumiminika, na kila mmoja ulikuja na mpango uliopendeza kwenye karatasi.

Wa kwanza ni ule wa Benki ya Dunia wa usimamizi wa mabonde na uboreshaji wa umwagiliaji mdogo, ulioanza mwaka 1996. Mantiki yake ilikuwa safi: mpe mkulima hati ya kutumia maji, mtoze ada, naye atajifunza kuyatumia kwa uangalifu. Na mjengee banio la kisasa, asipoteze maji.

Tulitazame hilo banio, maana hadithi nzima ya mradi imo ndani yake. Banio la kienyeji lilikuwa magogo yaliyopigwa kwenye mto, yakasukiwa matawi, majani na udongo. Masika yakija na mafuriko yalilizoa lote, na wakulima wakaitana kulijenga upya. Kiangazi lilivuja kila upande. Mhandisi akilitazama aliona upotevu. Ila maji yaliyovuja hayakupotea. Yalikwenda kwa jirani wa chini, na jirani wa chini akamwachia wa chini zaidi, hadi Ihefu. Banio jipya la zege na mlango wa chuma halivuji. Kiangazi, mto unapokuwa mwembamba, lina uwezo wa kuuelekeza karibu wote kwenye mfereji mmoja. Kilichoitwa uboreshaji kikawa, kwa aliye chini, ukame wa kutengenezwa.

Hati nazo zilikuja na shida yake. Ziliandikwa kwa lita kwa sekunde, kiwango kilekile Machi mto ukifurika na Oktoba ukiwa uzi. Mifereji mingi haikuwa na kifaa cha kupimia chochote, kwa hiyo namba kwenye hati ilikuwa ya kabatini. Na aliyekwisha kulipa ada alijiona amenunua maji. Ukimwambia apunguze, anakuonyesha risiti. Watafiti waliofuatilia walieleza hayo bila kumung'unya: ada iliyokusudiwa kumfanya mtu abane matumizi ilimpa uhalali wa kuchukua zaidi. Afisa wa bonde, ambaye makao yake ni Iringa, hakuweza kukagua mamia ya mabanio yaliyotawanyika Mbarali nzima. Alionekana wakati wa kukusanya ada. Ukitaka kujua imani kwa mdhibiti hufa vipi, anzia hapo: mtu anayekufikia akiwa na kitabu cha risiti pekee.

Kati ya 1998 na 2001 Waingereza waligharimia utafiti mkubwa wa ardhi oevu ya Usangu, ukafuatiwa na mwingine hadi katikati ya muongo uliofuata. Matokeo yalikuwa na mambo ambayo wakubwa hawakuyatarajia. Mto unakatika, walisema, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa kiangazi na mifereji ya mpunga, yakiwemo mashamba makubwa yaliyoanzishwa na Serikali yenyewe, Mbarali na Kapunga. Idadi ya ng'ombe iliyokuwa ikitajwa ilikuwa imekuzwa mno, na ng'ombe hawakuwa sababu kuu. Kuhusu umeme, uchunguzi ulionyesha kuwa namna mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa ilichangia upungufu; maji mengi ya Mtera huingia masika, na kile kijito cha kiangazi, kirudi kisirudi, hakijazi bwawa.

Walileta pia kitu ambacho nakipenda kuliko ripoti zao zote: ubao wa mbao ulioinamishwa, wenye njia iliyochongwa mfano wa mto na vitawi vyake kama mifereji. Gololi zinamwagwa juu zinabingirika kushuka. Wakulima wanakaa kandokando, kila mmoja na vijiti vyake vya kukinga gololi ziingie shambani mwake, na kila shamba linahitaji idadi fulani ili mpunga uive. Mzunguko wa kwanza wa juu hujaza mashamba na zikazidi. Wa mwisho hubaki anatazama ubao. Kisha wanabadilishana nafasi. Mwenye banio la juu anakalishwa mkiani, kimya, hana gololi hata moja. Hapo mazungumzo ya zamu yanaanza bila afisa kuhutubia, kwa kuwa kila mtu ameona maji yalikokwenda, na ameona mbele ya wenzake. Mchezo huo ulichezwa Usangu na wakulima wenyewe, na umenakiliwa nchi nyingine. Haukurudisha mto. Lakini ni mara chache nimesikia habari ya chombo cha usimamizi wa maji kilichoaminiwa na wote waliokizunguka, na hiki kilikuwa ubao wa fundi seremala.

Wakati huohuo juu kulikuwa na ahadi. Mwaka 2001, mjini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kuwa Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi iliyotolewa ugenini ina haraka yake. Mwaka 2006 Serikali iliamua: wafugaji waondoke Ihefu. Ripoti zilizokuwa kabatini hazikuzuia kitu. Makundi ya ng'ombe yakaswagwa na kupakiwa kuelekea Lindi, Kilwa na Rufiji. Malalamiko ya unyanyasaji na ya mifugo kutaifishwa yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Othman Chande. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, Ihefu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ambayo ikawa mojawapo ya hifadhi kubwa kabisa Afrika.

Ng'ombe waliondoka. Kiangazi kilichofuata mto ulikatika. Na kilichofuata. Mwaka 2010 ulifika ukapita. Kama ng'ombe angekuwa mtu mwenye wakili, rufaa yake ingekuwa rahisi.

Aprili 2017 Makamu wa Rais, wakati huo Samia Suluhu Hassan, alizindua Iringa kikosi kazi cha kuunusuru mto. Mwaka huohuo ukaja mradi wa REGROW, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 wa kukuza utalii kusini, ukiwa na sehemu iliyokusudiwa kuboresha usimamizi wa maji juu ya hifadhi. Maana yake, mkulima wa Usangu aliingizwa tena kwenye mpango wa maji, safari hii mlango ukiwa utalii. Oktoba 2022 mawaziri walitangaza kuwa vijiji vitano na vitongoji 47 vya Mbarali vitapaswa kupisha hifadhi. Wananchi wakapeleka malalamiko hadi kwenye jopo la ukaguzi la Benki yenyewe: mipaka, ng'ombe kukamatwa na kupigwa mnada, watu kuumizwa na kuuawa. Aprili 2024 Benki ikasimamisha utoaji wa fedha. Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Sehemu ya maji, ambayo pengine ndiyo ilikuwa na manufaa kwa kila upande, ilizama na jahazi zima.

Kuna watu Serikalini, tena waungwana, wanaoamini kuwa wananchi hawawaamini wadhibiti kwa sababu hawajaelimishwa. Kila bajeti ya mradi ina kasma ya elimu kwa umma: semina, fulana, mabango. Sina ugomvi na fulana. Lakini watu wa Usangu na wa Mara hawana upungufu wa elimu ya mto wao. Mvuvi anajua maji yakianza kunuka vipi na mwezi gani. Mkulima anajua nani alifungua mlango wa banio usiku, na jina la babu yake. Wanachokosa ni njia ya kuifanya elimu hiyo ihesabiwe pale uamuzi unapofanywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatamka haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na salama, inazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na inadai tathmini kabla ya miradi. Lakini mita 60 hizo huonekana zaidi zinapopimwa kwenye bustani ya mama anayelima mchicha kuliko kwenye mfereji mkuu wa shamba la mwekezaji. Watu huona hilo. Hawahitaji semina kuliona.

Nikilinganisha mito miwili hii, naona kichekesho kinachouma. Kwa Ruaha Mkuu, sayansi ilisema ng'ombe hana hatia kubwa, wakubwa wakamhukumu. Kwa Mara, sayansi ilisema ng'ombe ana hatia, umma ukamwachilia kwa kelele. Kote kuwili ushahidi haukuwa na kazi. Umma wa 2022 ulikuwa umejifunza, kwa Usangu na kwingineko, kuwa mfugaji hulaumiwa kwanza na kuchunguzwa baadaye. Kwa hiyo siku ambayo pengine lawama ilikuwa na msingi, hakuna aliyeikubali. Serikali ilivuna ilichopanda yenyewe miaka kumi na sita nyuma, mamia ya kilomita kusini.

Kwa hiyo naona mjadala wa kumpa mdhibiti meno zaidi, faini kubwa zaidi, jina jipya, mamlaka badala ya baraza, unaanzia mahali pasipo. Meno alikuwa nayo Julai 2019. Alichokosa ni kuwapo mtoni siku ambazo hakuna tukio. Ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria iko Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kirumi, na gari lina zamu zake na mafuta yake. Hilo halitabadilika kesho. Lakini sampuli inaweza kuchukuliwa kwa chupa mbili badala ya moja, zikafungwa lakiri mbele ya mwenyekiti wa kijiji, moja ikaenda maabara ya Serikali na nyingine ikabaki kwa ajili ya maabara ambayo wanakijiji wataichagua endapo watabisha. Kifaa cha kupima oksijeni hushikwa mkononi, na kijana wa kidato cha nne hufundishwa kukitumia ndani ya siku moja. Jumuiya za watumia maji zipo kisheria tangu 2009, zina viongozi na mihuri. Mara nyingi kinachokosekana ni kazi yenye maana ya kufanya.

Tena mfano hauko mbali. Kwenye mito mingi nchini kuna nguzo zenye mistari ya kusomea kina cha maji, na karibu na nguzo anakaa msoma kipimo, mwanakijiji anayelipwa posho ndogo na ofisi ya bonde. Kila asubuhi anateremka ukingoni, anasoma mstari maji yalipofika, anaandika kwenye daftari. Daftari likijaa linapelekwa ofisini, linaingizwa kwenye kompyuta, na mwisho linakuwa mchoro kwenye ripoti ya mshauri mwelekezi. Jirani yake msoma kipimo, anayelima mita mia moja kutoka kwenye nguzo, hajawahi kuziona namba hizo. Zingeweza kuandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji asubuhi hiyohiyo, kando ya tangazo la mkutano na orodha ya michango ya shule, kabla hazijapanda gari kwenda Iringa au Mwanza.